Gari Lisitoke

Simu ya Nokia ilitetemeka ndani ya aproni.

Nzula aliipokea akiwa amewapa mgongo watu wa uani.

“Suti imekatwa?” aliuliza Ndambuki, mkuu wake.

“Imekatwa. Bado kushonwa.”

“Mteja yuko?”

“Yuko na mzigo wake.”

“Tumekwama Isinya, lori limeanguka barabarani. Usimguse kabla hatujafika. Ana bastola, na hapo kuna mtoto. Lakini gari lisitoke.”

Simu ikakatika.

Jumapili ya Agosti, mwaka 2001. Baridi ya Kitengela ilikuwa imetulia juu ya mabati. Katikati ya uwanja ilisimama Peugeot 504 nyeupe, imeoshwa ikang'aa, pua ikielekea getini. Mwenye gari, Okoth, karani wa kiwanda huko Athi River, alikuwa kwenye usukani na suti yake ya kanisa. Mkewe Selpha alikaa kando yake, Biblia mapajani.

Nyuma alikaa Makokha, muumini mgeni aliyepewa chumba hapo uani wiki hiyo, akaomba lifti hadi Nairobi na gunia lake la vitunguu kutoka Loitokitok. Alikuwa amempakata Elsie, binti wa Okoth.

Chini ya vitunguu, ndani ya buti, kulikuwa na bomu.

Nzula alijua tangu jana. Kinasa sauti alichokificha chumbani kwa Makokha kilikuwa kimempa mpango wote. Makokha angeshuka Mlolongo, afungue buti kana kwamba anaaga, aliamshe bomu. Familia ingeendelea nalo hadi mjini. Nani angepekua gari lenye Biblia na mtoto?

Kwa majirani, Nzula alikuwa fundi wa nguo aliyepanga chumba cha nyuma. Kwa Idara ya Ujasusi, aliitwa Sindano.

Na rota ya Peugeot ile, kidude cha plastiki kinachogawa cheche za injini, kisichozidi kidole gumba, ilikuwa ndani ya aproni yake tangu alfajiri.

Okoth alipiga stata. Injini ikazunguka. Ikazunguka tena.

Haikuwaka.

“Leo iko na nini hii?” Akashuka, akafungua boneti.

Sironka, jirani wa ng'ambo ya ua, aliegemea geti na kikombe chake cha chai. “Sopa, Okoth,” alisalimia Kimaasai. “Peugeot imekataa kuokoka?”

“Cheka tu. Wewe huna hata baiskeli.”

“Ndiyo maana mimi hufika.”

Nzula alisogea na birika linalofuka moshi. “Baba Elsie, si ni vichwa vya betri vimeshika kutu? Wacha nimwagie maji moto.”

“Betri iko na nguvu, dada. Si unasikia ikizungusha injini? Shida iko mbele.”

Ndicho alichokihofia. Okoth hakuwa wa kubahatisha.

Alichomoa mpira wa kabureta, akamwambia Selpha apige stata. Petroli ikaruka. Petroli ipo.

“Tusukume,” Makokha alisema kutoka ndani. Yeye hakushuka. Mkono wake ulibaki kiunoni mwa Elsie.

Wakasukuma. Sironka alisukuma kwa bega. Nzula alisukuma kwa mikono na kuvuta kwa visigino. Gari lilijikokota hadi getini, likasimama, na Nzula akalirudia birika lake.

“Tutachelewa,” Makokha alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole. Upole huo ulimtisha Nzula.

Okoth alichomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma cha injini. Selpha akapiga stata.

Hakuna cheche.

“Haina moto,” Okoth alinong'ona, kama daktari aliyeupata ugonjwa. Akafyatua kifuniko cha distributa. Akainama. Akapapasa kwa kidole.

“Rota haiko.”

“Haiko vipi?” Sironka aliuliza.

“Haiko. Na haiwezi kuanguka yenyewe. Kuna mtu ameitoa.”

Mlango wa nyuma ulifunguka.

Makokha alishuka na Elsie mkononi. Aliitazama mikono ya Okoth. Akaitazama ya Sironka. Kisha akaitazama ya Nzula, na weusi uliokuwa chini ya kucha zake.

“Fundi, hiyo grisi ni ya nini?”

“Ya cherehani.”

“Mama yangu alishona miaka mingi. Mafuta ya cherehani ni mepesi kama maji, dada.”

Mkono wake ukaingia kwenye koti.

Ijumaa alikuwa amemletea Nzula koti hilo alipunguze. Nzula alilipunguza. Ndani ya mfuko akaacha vitanzi vya uzi wa viatu. Bastola huingia.

Haitoki.

Makokha alivuta. Akavuta tena. Akahitaji mikono miwili.

Akamwachilia Elsie.

“Kimbia kwa mama,” Nzula alisema, na mtoto alipopita tu, maji ya birika yakatua usoni mwa Makokha.

Hakupata nafasi ya kulia. Goti la Nzula lilimpata tumboni, na Ceska baridi, bastola aliyoichomoa chini ya aproni, ikamgusa nyuma ya sikio.

“Lala chini. Ukiinuka, hapo ndipo utabaki.”

Akalala.

Land Rover ya Idara ilifika ikiwa imejaa vumbi. Wataalamu wa mabomu walilibeba gunia kama wanavyobeba mgonjwa. Makokha alitupwa nyuma na pingu. Ndambuki alimwashiria Nzula: twende.

Nzula aliiweka rota juu ya boneti.

Okoth hakuigusa.

“Ulijua.”

“Tangu jana.”

“Ukamwacha mtoto wangu akae mapajani mwa huyo mtu. Ukanyamaza. Ukaniletea maji moto.”

“Ningekwambia jana, uso wako ungemwambia leo asubuhi. Angewaua hapa hapa, achukue gari lingine, aue wengine.”

“Sikuulizi kazi yako.” Nyuma yake, Selpha alikuwa amemkumbatia Elsie kiasi cha kumnyima pumzi. “Sema pole tu. Mwambie mama yake pole.”

Nzula alivua aproni, akaikunja, akaiweka chini ya kwapa. Alimtazama Selpha machoni.

“Mtoto yuko hai, Mama Elsie. Ikitokea tena kesho, nitanyamaza tena.”

Akageuka kuelekea Land Rover.

“Siombi msamaha.”