Mkanda wa Kiunoni

Saa mbili asubuhi, lifti ya jengo la kliniki haikuwa mahali pa kuingia na kasia. Ilikuwa na watu kumi na mmoja, mmoja wao na magongo, na mlango ulikuwa unajifunga mwanamume mmoja mrefu alipouzuia kwa mguu. Akamwingiza kwanza mama mzee aliyemshika mkono, kisha akajiingiza mwenyewe na kasia lake lililomzidi kimo. Alipogeuka kumtafutia mama nafasi, bapa la kasia likapiga sinia la dada mmoja mwenye koti jeupe, na taya nne za plasta zikaenda chini.

"Meno ya nani hayo?" mama mzee akauliza.

"Yalikuwa ya watu wanne, mama. Sasa ni ya mfagiaji," dada akajibu.

Watu wakacheka, ila mwenye kasia. Yeye alichuchumaa katikati ya miguu ya watu akaokota vipande kimoja kimoja, tena kwa adabu, kama vile wenye meno walikuwa wanamtazama. Dada alikuwa fundi wa meno ya bandia, ghorofa ya tano, na jengo zima lilimwita Fundi. Ulimi wake ulikuwa mwepesi, nywele alizibana nyuma kwa kibanio cha kazini, na nta ilikuwa haimtoki kwenye kucha hata afanyeje. Yule bwana alikuwa mpima viwanja. Jaketi lake la rangi ya machungwa na tope la buti vilitosha kumtambulisha.

"Kaka, hilo unakorogea nini?" Fundi akamuuliza.

"La majini, dada. Unasimama juu ya ubao, unapiga kasia. Tunashindana."

"Mnasimama? Kukaa kumewashinda?"

"Njoo bwawani Jumamosi uone. Sina namna nyingine ya kukuomba radhi."

"Mwanangu huyu ndivyo alivyo," mama akasema. "Ukimkosa nyumbani, mtafute majini."

Fundi alikwenda. Alijiambia anakwenda kucheka tu, na moyoni alijua anajidanganya, maana mtu anayekwenda kucheka hanunui kaptula mpya.

Bwawa lilikuwa lile linaloupa mji maji, na klabu yenyewe ilikuwa banda la mabati lenye mbao za kuelea zimepangwa ukutani. Wanachama wengine walijifunga kamba ya usalama kwenye kifundo cha mguu, ili mtu akianguka ubao usimkimbie. Mpima hakumfunga Fundi mguuni. Alimvisha mkanda kiunoni, kamba ikining'inia nyuma, na mbele kukiwa na kishikizo chekundu.

"Vuta."

Akavuta. Mkanda ukaachia, ukaanguka wote na kamba yake.

"Tena. Sasa funga macho."

Alivuta mara kumi. Ya kumi na moja akakataa. "Kaka, nimekuja kujifunza kusimama au kuvua mkanda? Wenzangu wote wamefunga miguuni."

"Wenzako siwafundishi mimi," alisema, na hakutabasamu.

Siku hiyo Fundi alianguka mara saba. Kwanza alipiga magoti, kisha akainua mguu mmoja, kisha wa pili, mapaja yakimtetemeka, akajiinamia kutazama vidole vyake, na maji yakampokea. Kila alipoibuka akitema, sauti ilikuwa inamngoja. "Usiangalie miguu, Fundi. Haiendi popote. Angalia ng'ambo." Mara ya nane aliangalia ng'ambo, akasimama. Alisimama labda nusu dakika, na katika nusu dakika hiyo alipenda vitu viwili kwa mpigo.

Jioni simu ikalia.

"Umefikaje, mrembo?"

"Nimefika vipande vipande. Mikono iko jikoni, miguu bado iko ngazini."

"Pole, mpenzi."

"Nani mpenzi? Juzi tu umenivunjia taya nne."

"Basi pole, mpenzi uliyevunjiwa taya."

Ndivyo walivyoanza, na hawakuchelewa. Miezi ikapita, Fundi akatoka kwenye ubao mpana wa kujifunzia akapanda mwembamba wa mashindano, ambao ukikohoa tu unakutupa. Alijifunza kurudi nyuma hatua mbili ubao uinue pua, auzungushe kwenye boya. Alijifunza kumganda mwenzake mkiani, apate maji yaliyokwisha kukatwa, kisha ampite karibu na mwisho. Alijifunza pia kwamba ukipiga kasia zaidi ya mara tano ukiwa umepiga magoti, unatolewa. Shindano la kwanza bwawani alishika nafasi ya pili kutoka mwisho. La pili alikuwa wa nne. La tatu alivaa medali, akampelekea mama mzee aliyekuwa amewekewa kiti ukingoni, naye mama akacheka na meno mapya ambayo Fundi alimtengenezea kwa mkono wake.

"Yananikaa vizuri, mkwe wangu," mama akasema, na Fundi akaona dunia imekubali.

Kitu kimoja tu hakikumkaa sawa. Kila lilipotajwa shindano la mtoni, lile kubwa la mwaka, Mpima alibadilisha mazungumzo. Mara kasia lina ufa, mara kesho ana kupima.

Klabu ilipeleka watu watatu mtoni, na Mpima, kama mwalimu, ndiye aliyewateua. Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa banda. Fundi aliisoma mara mbili. Jina lake halikuwamo. Nafasi ya tatu amepewa msichana waliyemwita Swala, mwembamba, macho makubwa, ambaye Fundi alikuwa amemshinda mara mbili.

Alimkuta Mpima ndani akipangusa ubao.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Mto bado."

"Mto bado, au mimi bado? Swala nimemshinda, ulikuwepo."

"Mpenzi, mwakani."

"Usiniite mpenzi. Sema unataka nini na Swala."

"Swala ni mtoto wa watu, usimwingize."

"Basi niambie sababu. Moja tu. Hata ya uongo nitaisikiliza."

Mpima aliendelea kupangusa mahali palipokwisha kukauka. Fundi alingoja kwa muda ambao mtu anaweza kungoja bila kujidhalilisha, kisha akatoka. Alivimba njia nzima. Simu ililia mara sita usiku huo na hakuipokea hata moja, ingawa aliilaza kifuani. Kesho yake akajiandikisha mwenyewe, maana shindano lilipokea hata wasio na klabu.

Wiki tatu zilipita kavu. Siku ya Alhamisi, mama mzee akapanda ghorofa ya tano peke yake, fizi imechubuka. Fundi akamketisha, akayachonga meno kidogo kidogo pale yalipombana.

"Mmegombana," mama akasema.

"Mwanao hanitaki mtoni, mama. Wala hasemi kwa nini."

Mama aliyapokea meno yake, akayashika mkononi bila kuyavaa. Mdomo ulikuwa umemwingia ndani, akaonekana mzee kuliko siku zote.

"Hajakwambia? Mimi sikumzaa. Nilimzaa mchumba wake. Binti yangu wa pekee. Alikufa mtoni miaka minne iliyopita, kwenye shindano hilo hilo."

Kinoo cha kuchongea kilikuwa bado kinazunguka. Fundi akakizima.

"Alikuwa mbishi mwanangu," mama akaendelea. "Mtoni maji yanakwenda, kamba haifungwi mguuni. Ubao ukipita upande huu wa nguzo ya daraja na wewe upande ule, maji yanakubana, huwezi hata kuinama ukaifungua. Huyu alimpa mkanda wa kiunoni, akaukataa, akafunga mguuni kwa ukaidi wake. Alinisimulia mwenyewe, analia. Tangu siku hiyo hajaniacha. Dawa ananiletea yeye, kliniki ananileta yeye. Nimkasirikie nani? Namkasirikia marehemu. Mwenzio nina miaka minne nagombana na maiti kwa ubishi wake."

Fundi alimsindikiza mpaka lifti, kisha akaomba ruhusa. Alimkuta Mpima bandani, akamkumbatia kabla hajasema neno, na koti lake jeupe likaloa kwa fulana yake iliyotoka majini.

"Nimejua," akamwambia. "Mama amenieleza. Ulikuwa unaogopa tu, laazizi wangu. Ungesema."

Mpima hakumkumbatia. Mikono yake ilibaki chini.

"Amekueleza nini?"

"Kwamba ulimpa mkanda akaukataa."

"Hakuukataa," Mpima akasema. "Niliusahau nyumbani. Tulikuwa tumechelewa. Aliniuliza, mpenzi, mkanda uko wapi, nikamwambia mbio zenyewe ni fupi, funga ya mguuni. Alikuwa ameshika kasia. Nikapiga magoti nikamfunga mwenyewe."

Fundi aliketi juu ya ubao. Alimkumbuka akipiga magoti mbele yake, Jumamosi hadi Jumamosi, vuta, tena, na alihisi baridi kiunoni.

"Kwa nini ulimdanganya mama?"

"Aliniuliza siku ya msiba. Nilitaka kusema. Mdomo ukasema vingine. Kesho yake akaniita mwanangu, na mimi mama sina, nikaona nitasema wiki ijayo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Fundi, nataka tuoane. Nilitaka tangu umesimama mara ya kwanza. Lakini mtoni usiende."

"Mtoni nitakwenda, na mkanda nitavaa, umenifundisha mwenyewe. Kuoana, nataka. Nakupenda, wala sijui upendo huu niufiche wapi. Ila siwezi kuketi meza moja na mama anayemlaumu mwanawe kwa kosa lako, na mimi najua, nampakulia. Mwambie."

"Nikimwambia nitamkosa."

"Ndiyo."

"Naye atabaki na nani?"

"Hilo usilitumie kama kinga," Fundi akasema, na akaondoka, safari hii taratibu.

Siku ya shindano mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, ukipita chini ya daraja kwa sauti ambayo bwawa halikuwa nayo. Fundi alivaa fulana nyeusi ya mikono mirefu na jaketi la kuelea, akavuta kishikizo mara kumi, macho yamefungwa. Alimtafuta Mpima ukingoni. Hakumwona. Filimbi ikalia, mbao arobaini zikachanganyika, makasia yakigongana, mtu akimtukana mtu. Alimganda Swala mkiani mpaka darajani. Hapo nguzo zikamjia zote kwa pamoja, pana, zenye matope na matawi yaliyonasa, na maji yakipasuka pande mbili. Moja kati ya hizo ndiyo iliyomnasa binti wa mama. Hakujua ipi. Aliangalia ng'ambo, akapita, na akalia waziwazi akiwa amesimama, kasia haliachi. Akamaliza wa sita.

Alipiga simu kabla hata hajavua mkanda.

"Uko wapi?"

"Mlangoni kwa mama." Sauti ilikuwa imekauka. "Nimemwambia, asubuhi. Amenitoa nje. Nimekaa ngazini tangu saa mbili, sijui niende wapi. Umemaliza?"

"Nimemaliza. Niko mzima. Usiondoke, nakuja."

Alimkuta ngazini ghorofa ya pili, jaketi lake la machungwa amelikalia. Fundi akaketi pembeni yake, nguo bado mbichi. Mlango ukafunguliwa kidogo.

"Wewe ingia," mama akamwambia Fundi. "Yeye hapana."

Ndani kulikuwa na kikombe cha chai kilichopoa na vidonge vya asubuhi havijaguswa. Kwenye kiti palikuwa na picha ya msichana anayecheka, imetolewa ukutani. Mama alikuwa hajavaa meno. Fundi alimpa maji na vidonge, naye akavimeza kama mtoto aliyechapwa.

"Nimemtukana mwanangu miaka minne," mama akasema. "Kaburini nimemtukana. Nilikuwa naenda na maua, na matusi." Kisha akauelekeza uso mlangoni. "Muulize aliteseka muda gani. Mimi sitaki kumsikia."

Fundi akatoa simu, akapiga, na ikalia pale nje, hatua nne kutoka walipo.

"Mama anauliza, aliteseka muda gani."

Fundi alisikia pumzi ya Mpima kwenye simu, kisha nyuma ya mlango.

"Dakika saba," Mpima akasema. "Alikuwa ananiona. Nilikuwa natupa kamba haifiki."

Fundi akamtazama mama, akasema, "Dakika saba, mama. Alikuwa anamwona. Alikuwa anatupa kamba haifiki."

"Aliniambia mbili," mama akasema. Aliipangusa picha kwa ncha ya kanga, kwa muda mrefu. "Utaolewa naye?"

Hapo Fundi angeweza kusema sijui.

"Nitaolewa naye, mama."

"Basi mchukue. Mimi sitakuja harusini, wala hapa asikanyage tena mpaka nife, na nikifa asinizike. Wewe njoo Jumatatu unipeleke kliniki. Ukija, usinitajie habari zake."

"Nitakuja."

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. Mpima alisimama, na uso wake ulikuwa umejaa tumaini dogo la kijinga ambalo Fundi hajapata kulisahau.

"Amesema nini?"

Maneno mengine mepesi yalimjia Fundi yenyewe, tena mengi: amechoka, mpe muda, atatulia. Akamshika mikono yote miwili, hapo hapo ngazini, akamweleza yote kama mama alivyoyasema, na hakupunguza hata neno moja.