Choa cha Irofata

Haya yalimpata rafiki yangu Irofata, hapa kisiwani Malaita. Ingekuwa mimi, bingwa wa kukimbia popo, nisingebaki kusimulia.

Karamuni alimfukuza shangazi yake, Boboe, aliyejaa choa, asile magimbi kwenye jani la wote. "Kajikune na kuku huko, shangazi."

Boboe akainua mkono wake wa vidole vitatu. "Haya, mwanangu. Wewe ukiwashwa, nitakukuna mwenyewe."

Boboe alipofariki, Irofata akatumwa nyumbani kwake kuchukua mkeka. Ndani giza, kuvu kila mahali, na kitu kikikwaruza ukutani: kwaru, kwaru. Akaunyakua mkeka, akatoka mbio.

Sasa choa kimemwenea, pete ndani ya pete. Analala peke yake. Juzi alinivulia shati. Katikati ya mgongo, mahali mkono wake haufiki, palikuwa na mikwaruzo mibichi, mitatu mitatu.