Mguu Wangu, Cherehani Yake

"Viatu hivi ni vya nani?"

Swali lilinitoka kabla sijatua ndoo ya maji. Nilivijua. Cha kushoto kilikuwa na tone la gundi ya mbao. Ni vya mchumba wangu, seremala.

Mwenye nyumba alikuwa amekaa, mguu wenye plasta juu ya stuli. Ni fundi wa nguo. Tulimwita Sindano kwa wembamba wa mwili na ukali wa ulimi. Kabla yangu, seremala alikuwa wake.

"Muulize mwenye miguu," akasema.

Seremala akaingia kutoka uani, peku, msumeno mkononi.

"Unafanya nini hapa?" tukaulizana kwa pamoja.

"Asubuhi uliniandikia, 'Leo niko mbali, mpenzi, kuna kazi,'" nikamwambia.

"Nawe ukajibu, 'Sawa, nina vichwa vya kusuka mpaka jioni.' Viko wapi?"

Nikatua ndoo, nikamweleza. Jumapili ya kwanza ya Majilio, padri alitwambia njia ya Bwana huanzia kwa yule unayemkwepa barabarani. Tumhudumie kimyakimya, bila kutangaza. Mimi nilimkwepa Sindano. Alipovunjika mguu, oda za nguo za Krismasi zikarundikana, nikawa nakuja kumkanyagia cherehani. Yeye mikono, mimi miguu. "Polepole, dada, unakimbizwa na nani?" Ndiyo ilikuwa shukrani yake.

"Hata mimi nilikuwepo kanisani siku ile," seremala akasema. "Nilimwacha bila kumtazama usoni. Namtengenezea magongo."

"Unampenda?"

Akauweka msumeno chini.

"Nampenda. Lakini si vile... Sijui niuite nini. Mke wangu ni wewe."

"Bado sijawa."

Sindano akagonga meza kwa mkasi.

"Nyie! Mnaniombea au mnanigombea? Anayetaka kulia akalie nje, plasta hii haitakiwi kulowa!"

Nililia nje mimi. Nikajaribu kusali, maneno hayakuja. Wivu ulikuwepo, huruma nayo ilikuwepo, na hakuna kilichompisha mwenzake. Nikaandika kwenye simu, "Harusi isubiri." Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta.

Kesho yake nilirudi, nisijue kwa nini. Sindano akatoa kitambaa cheupe kutoka chini ya godoro.

"Nilikinunua kwa ajili ya harusi yangu. Kanyaga, tukushonee."

"Siwezi kuvaa hiki."

"Nami siwezi kuendelea kukilalia. Unadhani nakupenda? Kuna siku nakupenda, kuna siku natamani nikudunge. Kanyaga, kabla haijafika zamu ya hiyo nyingine."

Nikacheka huku machozi yakinitoka, mguu ukakosea, mshono wa kiunoni ukapinda.

"Nifumue?" nikauliza.

"Acha, dada."

Tulifunga ndoa juma lililofuata Krismasi. Padri aliposema neno upendo, sikujua nimtazame nani. Nje, tukipigwa picha, mume wangu akaniwekea mkono kiunoni, hapohapo penye kupinda.

"Toa mkono, unanikunjia kitambaa!" Sindano akafoka kutoka nyuma ya watu.

Watu wakageuka. Mume wangu akanitazama, asijue acheke au aombe radhi. Hata mimi sikujua. Nikanyoosha mkono.

"Njoo usimame huku, upande wangu."

"Nije kufanya nini?"

"Sijui. Njoo tu."

Akaja, akikongoja na magongo yake mapya.