Uzi Mwekundu wa Foku

Basi la Songea liliingia stendi ya Mbinga likiwa limesheheni wanunuzi wa kahawa. Watu wote wakakimbilia mlangoni mwa basi, isipokuwa baiskeli moja, ambayo ilikimbilia beseni la Rosina.

Ilikuja kasi kutoka upande wa sokoni, ikaparamia shimo, ikadunda kama mbuzi aliyekata kamba. Beseni likapinduka. Gololi na spana zikasambaa kwenye matope, na kati yake akakaa kijana mrefu, shati jeupe, suruali ya kaki yenye mstari wa pasi, kofia ya buluu imemfunika pua.

"Samahani, dada! Hii baiskeli ina shetani!"

Rosina hakumtazama. Aliinua baiskeli, akaukandamiza usukani kwa mikono yote miwili. Foku, ile miguu ya mbele inayoshika tairi, haikushuka hata kidogo.

"Haina shetani," aliiambia baiskeli. "Foku imeganda."

"Na mimi niliyeanguka, nani atanipa pole?"

"Pole," Rosina akasema, bado akiiambia baiskeli.

Cuthbert, mwenye kibanda cha simu pale jirani, akaangua kicheko. "Bwana shamba, huyo ukitaka akuongeleshe, geuka tairi!"

Ndivyo Rosina alivyokuwa. Benchi lile la ufundi aliachiwa na marehemu baba yake, na midomo yake ilikuwa mizito mbele za watu kama milango ya ghala. Lakini mikono yake ilisema. Siku ile alikuwa amejifunga aproni ya gunia la kahawa juu ya gauni la kijani, na kilemba chekundu ambacho pindo lake lilikuwa limeanza kufumuka.

Kijana aliitwa Shukrani, mtu wa Tukuyu, bwana shamba mgeni. Mradi wa kahawa ulikuwa umempa baiskeli ya gia, ile yenye springi ndani ya miguu ya mbele, azungukie mashamba ya kahawa mpaka Tingi.

Rosina aliifungua foku. Miguu miwili myembamba ilitoka ndani ya miguu minene, imepakwa uchafu mweusi.

"Nani aliweka grisi ya trekta humu?"

"Mimi," akajibu Shukrani kwa aibu. "Nilidhani grisi ni grisi."

"Hii imeshika mchanga." Akazisafisha sili, zile pete za mpira zinazozuia vumbi, kwa maji ya sabuni. Shukrani alipomsogezea petroli, akampiga kikofi cha mkono. "Petroli inakula mpira! Unataka niue mgonjwa?"

Alipokwisha kupaka grisi laini na kuirudisha foku mahali pake, alichomoa uzi mwekundu kwenye pindo la kilemba chake, akaufunga kwenye mguu mwembamba, chini kabisa.

"Panda. Kaa kama unavyokaa njiani. Usitikisike."

"Nipumue?"

"Kidogo."

Shukrani akakaa. Foku ikazama taratibu, ikausukuma uzi juu. Aliposhuka, foku ikainuka, lakini uzi ukabaki pale ulipofika. Rosina akapima kwa kidole.

"Umezama mno. Wewe mzito kuliko unavyoonekana." Akazungusha kifuniko cha juu kuikaza springi, akamkalisha tena mpaka uzi uliposimama panapotakiwa. "Hapo ndipo uzito wako. Ukimpakia mtu, kaza zaidi, la sivyo uzi utapanda mpaka kooni, juu kabisa, na foku itagonga mwisho wake."

"Kwa hiyo huu uzi unanijua?"

"Unakujua kuliko mama yako," akasema Rosina. Kisha akagundua kwamba amecheka mbele ya mwanamume, akaziba mdomo kwa kiganja chenye grisi. Sharubu nyeusi ikabaki. Shukrani aliitazama sharubu ile, na kuanzia hapo hakuwa na habari ya kahawa.

Akawa anakuja kila Jumamosi. Rosina aliusoma uzi kabla ya kumsalimu.

"Uliruka mfereji wewe."

"Mmoja tu, fundi wangu."

"Mkubwa."

"Mkubwa, ndiyo. Nilikuwa nawahi kuja kwako, mpenzi. Ningezunguka, ungekuwa umefunga."

Akiwa Tingi alipiga simu kutoka misheni, na Cuthbert alimwita Rosina kwa sauti ya mnada, "Fundi! Tairi lako liko hewani!" Rosina alikumbatia mkonga wa simu kwa mikono miwili, akisema "ee" na "sawa" tu, huku masikio yakimwaka.

"Sema basi unanipenda," Shukrani alimchokoza.

"Watu wanasikia."

"Sema kwa lugha ya baiskeli."

Rosina akafikiri. "Foku haigongi," akanong'ona. Upande wa pili Shukrani akacheka mpaka padri akaja kuuliza kuna nini.

Msimu wa kahawa ulipokwisha, Shukrani alikuja Jumamosi moja amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, na uso wake umejaa siri tamu. Rosina aliinama kwenye foku. Uzi ulikuwa umepanda mpaka kooni. Kifuniko cha juu kilikuwa kimekazwa sana, na si yeye aliyekikaza.

"Ulimpakia nani?"

"Mzigo."

"Mzigo gani unakaa mbele, kwenye bomba?"

"Mzito!" Shukrani akacheka. "Vuta subira, kipenzi. Utaujua karibuni, na utafurahi." Akaenda zake ofisini, akipiga mluzi.

Hakujua kwamba Cuthbert alikuwa amerudi asubuhi ile kutoka ziwani. Cuthbert alipomwona Rosina amesimama na spana mkononi, akadhani anamfanyia wema kumwambia. "Dada, nisikufiche. Nilimwona bwana shamba wako njiani, mteremko wa Tingi. Amempakia mwanamke kwenye bomba. Kitenge kipya cha njano. Lori letu lilipita kasi, sura sikuiona, ila alikuwa anacheka huyo! Kamshika bwana shamba mkono kabisa."

Rosina hakulia. Alizipanga gololi ndogo na kubwa, akazichanganya, akazipanga tena. Foku alikuwa ameisoma sawasawa: uzito wa watu wawili. Kilichobaki kilikuwa kuuliza, na kuuliza ndiko kulikomshinda tangu utoto.

Shukrani alipopiga simu Jumatatu, Cuthbert akaita. Rosina akatikisa kichwa.

"Mwambie sipo."

"Anasikia sauti yako, dada."

"Basi mwambie sauti yangu ipo, mimi sipo."

Wiki ile ile mjomba wake Othmar alimwita nyumbani Mbamba Bay, kule ziwani. Rosina alikuta mkeka umetandikwa, na mbele ya wazee mfuko wa sukari na jembe jipya. Upande wa wageni walikaa wanaume wawili na mama mmoja mnene aliyejifunika khanga mpaka kidevuni, akikandakanda kiuno chake.

"Shikamooni," Rosina akasema, akapiga magoti.

"Marahaba, mwanangu," akajibu mjomba. "Wageni hawa wametumwa na bwana shamba wa Mbinga, anaitwa Shukrani. Unajua desturi yetu. Swali linaulizwa mara moja, na jibu halirudiwi. Huyu aliyewatuma, unamjua?"

Hata mtoto wa ukoo ule alilijua swali hilo. Ukisema namjua, jembe linapokelewa. Ukisema simjui, jembe linarudi lilikotoka, na ukoo haulitazami tena.

Moyo wa Rosina uliruka, kisha ukakumbuka kitenge cha njano. Amempakia mwingine akicheka naye, halafu anatuma jembe kwetu? Nilidhani namjua. Maneno mengi yalimjaa kifuani, na kama kawaida yake likatoka moja.

"Simjui."

Mjomba akafumba macho. Jembe likasukumwa upande wa wageni.

Yule mama mnene akaguna, akainuka kwa taabu, khanga ikamteleza begani. Ndani alivaa kitenge cha njano.

"Ee Mungu wangu. Na mimi Notburga mifupa yangu imeumia bure. Wiki iliyopita, toka Tingi mpaka hapa kwenye bomba la baiskeli, nikaja kuuliza kama posa itasikilizwa! Foku inagonga, mimi nacheka kwa woga, nimemng'ang'ania mkono nisianguke. Namwambia, mwanangu, tungoje gari. Ananiambia, mshenga wangu, gari ni keshokutwa, nami siwezi kungoja."

"Mama!" Rosina akalia. "Mama, namjua! Namjua!"

Akamshika mjomba miguu. Mzee Othmar naye alikuwa na machozi, lakini wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kusimama. Jembe likatoka mlangoni.

Shukrani alikuwa amepewa uhamisho wa kwenda kwao Tukuyu, akawa ameuchelewesha akingoja jibu la ziwani; jibu lilipomfikia, hakungoja tena. Rosina alipofika Mbinga, chumba cha Shukrani kilikuwa kinafagiliwa, mwenyewe ameondoka. Simu ya Shukrani ikaja baadaye. Cuthbert hakutania; alitoka nje ya kibanda.

"Nilidhani ni mwanamke wako," Rosina akasema. Akaeleza yote. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo maishani.

"Uliusoma uzi, Rosina. Mimi mwenyewe hukuniuliza."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe siku ile ile. Lakini mama yangu huku Tukuyu ameletewa habari kwamba mwanawe amekanwa mbele ya watu, hajulikani. Amekataa, na mimi siwezi kulivuka neno lake. Foku inagonga kweli hapa kifuani kwangu, fundi. Ungeisikia."

Laini ikakatika, au aliikata.

Mvua za kwanza zilimleta bwana shamba mpya, Nazari, mwembamba kama fito. Alikuwa anaiburuta ile baiskeli ya mradi, aliyoiacha Shukrani.

"Shikamoo, fundi," akasema kwa utani. "Foku ngumu. Inanitupa. Naomba uilegeze."

Rosina aliifungua, akaisafisha, akaifunga. Uzi ulikuwa umepauka. Aliukata kwa wembe, akautia ndani ya kilemba. Akazungusha kifuniko, na uzito wa Shukrani ukatoka kidogo kidogo chini ya vidole vyake.

"Panda," akasema. "Usitikisike."

Nazari akapanda, akatulia. "Aliyekuwa nayo alikuwa mtu mzito, ee? Ulimjua?"

Rosina aliinua uso. Alimtazama machoni, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kibandani kwa Cuthbert:

"Namjua."