Rangi Zisizobanduka

Kila Ijumaa, baada ya kupalilia shamba la shule, wanafunzi wengi walikimbilia mpira. Lutengano na Ikupa waliingia katika ghala la majembe, wakaketi sakafuni na kuchora. Hawakuwa na rangi za dukani. Walisaga udongo mweupe wa mtoni, udongo wa manjano wa ukingoni mwa barabara, na mkaa. Walichora juu ya mifuko ya saruji iliyokung'utwa.

Sekela alihamia Mbeya kutoka Chunya mwaka 1956, baada ya mgodi alikofanya kazi baba yake kufungwa. Majuma mawili alikaa peke yake, na wenzake darasani walimwita Mama Vumbi. Siku moja alichungulia ghalani, kopo mkononi.

"Kopo hilo lina nini?" Lutengano aliuliza.

"Udongo wa kwetu. Mwekundu."

"Mwekundu kama nini? Hebu lete tuuone!"

Waliuliza habari za udongo huo nusu saa nzima. Tangu siku hiyo Sekela akawa mwenzao.

Mwalimu Tadeo aliwaagiza wachore picha kubwa ya mji na mlima Loleza, itundikwe Siku ya Wazazi. Ikupa alichora mlima, Lutengano nyumba, Sekela barabara. Lakini rangi zilipokauka zilibanduka, isipokuwa za Sekela.

"Unachanganya na nini?" Ikupa aliuliza.

"Maji tu," Sekela alijibu. "Labda ni mkono."

Hayakuwa maji tu. Kule Chunya mama yake alifua nguo za makarani wa mgodi, akazichovya katika uji mwembamba wa muhogo ili zikakamae. Sekela alitia uji huo katika rangi yake. Aliogopa kwamba wenzake wakishajua, hawatakuwa na haja naye tena.

Lutengano alijaribu kila kitu na kuandika katika daftari. "Utomvu wa mgomba: unageuza rangi. Maziwa: yanashika kidogo, yananuka sana." Ikupa alicheka hadi akashika mbavu.

Zikiwa zimebaki siku nane, Ikupa aliinua karatasi na mlima wote ukamwagika sakafuni. Ilikuwa mara ya tatu. Safari hii hakucheka.

"Basi, malizeni nyinyi," alisema, akichukua ufagio. "Mkono wangu haufai. Nitakwenda kwaya."

Sekela alimtazama akifagia. Yeye ndiye aliyeogopa kufukuzwa, na sasa Ikupa alikuwa anaondoka kwa sababu ya uongo wake.

"Si mkono," alisema kwa sauti ndogo. "Ni uji."

"Uji gani?"

"Uji wa muhogo. Natia tangu mwanzo. Niliogopa mkijua mtanifukuza."

"We Sekela! Wiki tatu unanitazama nikifagia mlima?"

"Ndiyo. Nisamehe, Ikupa."

Ikupa aligeukia ukutani. Lutengano alifungua daftari lake polepole.

"Vijiko vingapi?"

Sekela alishangaa. "Huna hasira?"

"Ninayo. Lakini vijiko vingapi?"

Ikupa alijitahidi asicheke, akashindwa.

Jioni ile walipika uji kwenye jiko la mwalimu. Kijiko kimoja hakikutosha, na vitatu vilifanya rangi ipasuke. Viwili vilishika vizuri. Kisha Ikupa aliinama juu ya mchoro wa zamani wa Sekela.

"Mbona barabara yako imeota ukungu? Hapa kuna baridi na unyevu, si Chunya. Tukitia maji ya majivu, je?"

Walijaribu. Wiki nzima wakachunguza kila asubuhi, na ukungu haukuonekana.

Siku ya Wazazi mlima Loleza ulisimama imara ukutani. Mwalimu Tadeo alipouliza siri ya rangi, Sekela alieleza yote, na uongo wake pia.

"Umefanya vyema kusema," Mwalimu alisema. "Ulificha uji ukidhani ndio uliokupa marafiki. Lakini walikupokea kabla hawajajua kama unao. Tena, ulipousema, Ikupa aliona ukungu ambao wewe hukuuona. Ujuzi unaofichwa hubaki na makosa yake, na anayeuficha hubaki na hofu yake. Sasa, darasa la tano nao wanataka kujifunza. Nani atawafundisha?"

Sekela alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.