Matawi Yaliyoota Juani

"Mwewe, hapa Kituo. Maziwa yameibwa. Yasiruke."

Chadia, aliyeitwa Mwewe na wakuu wake wa Kituo, alizima redio ya Motorola na kuikaza pikipiki yake ya Boxer mpaka vumbi la barabara ya Kabambare likamjaa mdomoni.

Maziwa yalikuwa jina la siri la chupa moja ya kioo iliyofungwa karatasi nyeusi. Asubuhi ile watu wa Djafari, mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila, waliipora mjini Kasongo kwa mtutu wa bunduki. Kisha wakaichoma maabara.

Hakukuwa na chupa nyingine.

Mwenye chupa alikuwa Honorine, mwanakemia. Alisaga mabidoni, madumu ya njano ya maji yaliyotupwa, akayalowesha katika maji ya chupa ile, akawasha taa ya buluu. Mwanga uling'oa chembe kwenye plastiki, na pale zilipong'oka pakaota matawi. Plastiki tupu haishiki kitu. Ile yenye matawi ilinasa zebaki katika maji ya machimbo na haikuiachia.

Zebaki hiyohiyo iliyokuwa ikitetemesha mikono ya Louise, mdogo wake Honorine, kule Salamabila.

Simu ya Tecno ikaita ndani ya kofia.

"Chadia, umemuona Djafari?" Honorine akauliza.

"Namuona, yaya," akajibu; alimwita hivyo kwa heshima, kama dada mkubwa.

Helikopta ilikuwa imetua kwenye uwanja wa mpira wa Lusangi. Wachimbaji walijaa pembeni kuitazama. Katikati alisimama Djafari, chupa kwapani, watu sita wenye Kalashnikov nyuma yake. Mbele yake alikuwapo Varga, wakala wa kampuni ya ng'ambo. Chupa ingefika kwao, ingekuwa mali yao.

Chadia alikuwa na bastola moja ya Makarov.

"Nikipiga risasi nitakufa, yaya, na chupa itaruka."

"Usipige! Na wasiifungue. Jua likiigusa kabla haijakutana na plastiki, matawi yataota yenyewe kwa yenyewe. Itaganda yote. Sina tena cha kuanzia. Unanisikia? Niletee nzima."

Chadia alikuwa akifikiria desturi ya machimboni.

"Chadia?"

Mnunuzi wa Salamabila hatoi wala hapokei kitu bila kukimwaga kwenye sahani nyeupe, juani, mbele ya watu. Anayebisha huchekwa mpaka anahama mji.

Chadia aliiacha pikipiki na kujipenyeza kati ya wachimbaji.

"Papa Djafari! Siku hizi unauza kitu ndani ya karatasi, sawa na muchawi?"

Wachimbaji wakacheka.

"Weye nani?"

"Mutu wa kupita tu. Lakini watu wa Kasongo wanasema ile iko maji ya sabuni. Wamekucheza, papa. Kesho Salamabila nzima itakuita Papa Sabuni."

"Papa Sabuni!" mmoja akadakia. Uwanja ukaangua kicheko.

Sikioni Honorine alikuwa akipiga kelele. "Chadia, hapana! Chadia!"

"Usifungue!" Varga alifoka. "Mwanga!"

Djafari akamgeukia taratibu. "Huyu naye anaogopa jua? Sababu gani?" Akapiga vidole. "Leteni sahani."

Karatasi ikachanwa. Maji ya rangi ya chai yakamwagika kwenye sahani, chini ya jua la utosini.

"Mwaga yote, papa," Chadia akasema. "Uchafu unakaa chini."

Akamwaga yote.

Kwanza hakukutokea kitu. Djafari akatabasamu, akanusa, akaitikisa sahani kama anavyotikisa dhahabu.

Kisha maji yakawa mazito.

Yakawa mlenda. Djafari akachovya kidole, kikatoka na uzi mrefu. Punde sahani nzima ikawa donge moja gumu, lisilofaa kwa mtu yeyote.

"Sabuni! Sabuni!"

Varga alikimbilia helikopta na begi lake, ikaanza kunyanyuka. Djafari akanguruma, na bunduki zote sita zikaelekezwa juu, zikafyatuka. Wachimbaji wakalala chini.

Hakuna aliyemtazama mwanamke aliyerudi kwenye pikipiki yake kwa mwendo wa kutoka sokoni.

"Kituo, hapa Mwewe. Maziwa hayakuruka."

"Yako wapi?"

"Yameganda."

"Kazi nzuri."

Alikata redio. Simu ilikuwa bado wazi.

"Nimesikia yote," Honorine akasema. Sauti yake haikuwa na machozi, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungeweza kumfuata. Ungeweza kungoja."

"Ingeruka, yaya. Halafu wangetuuzia maji yetu wenyewe."

"Sasa hakuna wa kuyauza. Louise hawezi tena kushika kikombe, Chadia. Wanamnywesha maji yale yale ya mtoni."

Kando ya uwanja palikuwa na kijito chenye maji ya rangi ya maziwa machafu, kinachotoka machimboni. Mama mmoja aliinuka baada ya milio ya risasi kukoma, akaokota bidoni yake ya njano, akaendelea kuchota.

Chadia alimtazama mpaka bidoni ikajaa.

"Sema basi 'nisamehe'," Honorine akasema. "Neno hilo tu. Nipate la kumwambia mdogo wangu."

Chadia alivaa miwani na kuipiga teke stata ya Boxer.

"Hapana, yaya. Siombi msamaha."