Kofia ya Kipanga

Ijumaa ya tarehe 12 Desemba mwaka 2025 ndiyo siku mambo yalipoharibika. Ndege iliyomleta Stacy Nyanchama kutoka Nairobi ilitua Doha alfajiri, naye hakuwa amefumba jicho hata kidogo. Alikuwa ametazama filamu mfululizo, moja baada ya nyingine, mpaka matairi yakagusa ardhi.

Baba yake, Jeremiah, alimpokea uwanjani. Alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi, na Ijumaa ndiyo siku yake pekee ya kupumzika. Mara ya mwisho walionana kwenye mazishi ya mama, miaka miwili nyuma. Kampuni ilimpa baba siku nne za kumzika mkewe, na ya tano walimtaka kwenye usukani.

Asubuhi walikwenda kanisani Mesaimeer. Alasiri baba akampeleka kutazama soko la kale. Waliandamana na Olivia, binti wa muuguzi mmoja wa Al Wukair ambaye Stacy angelala kwake. Olivia alikuwa na miaka kumi na mitatu, mmoja zaidi ya Stacy, na hakukosa la kusema.

Macho ya Stacy yaliwasha kama yametiwa pilipili. Kuta za udongo, vichochoro, magunia ya viungo, vyote vilimpita kama anaota.

"Umepanda ndege kuja kulala Doha?" Olivia alimcheka. "Si ungelala tu huko kwenu Kisii."

"Ni saa zimebadilika," Stacy alijibu. Alikuwa amewasikia watu waliotoka Ulaya wakisema hivyo, akaona ni jibu la mtu aliyesafiri.

Wakafika duka la vipanga. Baba alibaki mlangoni akijibu simu, maana wakubwa wake hawakuijua Ijumaa. Ndani, ndege wale wakali walikaa juu ya vigingi vifupi, kila mmoja amefungwa mguu kwa kamba na kuvishwa kofia ya ngozi iliyomziba macho. Mlezi wao, Arnold, kijana wa Uganda, alikuwa akimlisha mmoja nyama ya kware.

"Tazameni kwa macho, dada zangu, mikono kaeni nayo," alisema. "Huyu asipoona, ametulia. Akiona, sisi ndio hatutulii."

Alipoingia nyuma kuchukua maji, Stacy alitoa simu apige picha. Olivia akanong'ona, "Sasa hiyo ni picha gani? Utawaonyesha wenzako ndege aliyefungwa macho."

Kichwa cha Stacy kilikuwa kizito, lakini mkono ukawa mwepesi. Aliichomoa kofia ya yule kipanga aliyekuwa akilishwa.

Kipanga alimtazama mara moja tu. Kisha akaruka, kamba ikamvuta, akamwangukia wa kigingi cha pili. Wakakamatana kwa kucha. Manyoya yalitapakaa, mabawa yalipiga sakafu, damu ikarukia ukuta. Arnold alitoka mbio bila glavu, akaingiza mikono mitupu katikati yao. Kucha zilizama kwenye kiganja chake zikatokea upande wa pili. Hakuachia mpaka alipowatenganisha.

Mudiri wa duka, yaani msimamizi wa wafanyakazi, akaingia. Hakuuliza mkono. Aliuliza kofia.

"Nani ameivua?"

Stacy aliikunjia ile kofia mfukoni. "Sijui. Nilikuwa nimesinzia."

Olivia alitazama chini. Basi mudiri akamgeukia Arnold. Alimpiga kofi, la pili, la tatu, kisha akampiga teke mpaka akaanguka kati ya vigingi. Akamnyang'anya kitambulisho. "Kesho unapanda ndege kwenu," alisema, akampiga tena teke la mbavu.

Baba aliwavuta wasichana nje. Akamtazama Stacy.

"Mkono wako unafanya nini mfukoni?"

"Baba, nilikuwa na usingizi. Saa zimenichanganya."

"Saa gani? Saa ya Nairobi na ya Doha ni moja. Tangu utoke kwenu mshale haujasogea. Toa mkono."

Kofia ilitoka, imelowa jasho. Baba aliutazama mlango wa duka. "Huyu mtu akiipigia kampuni yangu, na mimi nafungasha," alisema. "Haya, turudi ndani."

Stacy alitangulia kuingia, kofia mkononi. "Ni mimi niliyeivua," alisema. "Usingizi ulikuwa wa filamu, na uongo ulikuwa wangu. Kaka Arnold hana kosa."

Mudiri aliinua glavu nzito ya ngozi. Baba aliingia kati, nayo ikamshukia mdomoni, ikampasua. Hakurudisha. Alisimama pale pale, damu ikimchuruzika kidevuni, akasema, "Umesikia alivyosema mtoto."

Wakati huo mwenye duka, mzee mwenye fimbo aliyekuwa amesikia yote kutoka mlangoni, aliingia. Alimshika kipanga, akalifungua bawa. Manyoya matatu yalikuwa yamevunjika.

"Nani atayaunga?" alimuuliza mudiri.

Hapo dukani aliyejua kuunga unyoya uliovunjika kwa sindano na gundi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa sakafuni.

"Basi mrudishie kitambulisho chake. Abaki kazini," mzee alisema, akaondoka. Hakuuliza habari za mbavu.

Olivia alivua mtandio wake, akamfunga Arnold kiganja. "Na mimi nilinyamaza," alisema taratibu.

"Nisamehe, kaka," Stacy alisema.

"Nimekusamehe." Arnold alijaribu kucheka, mbavu zikamkataza. "Na hizo filamu, angalau zilikuwa tamu?"

Hapo ndipo Stacy alipolia.

Baba alijifuta mdomo kwa mkono wa shati. "Uchovu si kosa, mwanangu. Hata kuvua kofia, mtoto hukosea. Kosa lako kubwa ni ule muda ulionyamaza, maana kila dakika ilikuwa na kofi lake, na makofi yote alikula mwenzako. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaanza kupigwa kwa ajili yako."

Stacy aliitikia kwa kichwa. Kisha akamtazama mudiri, aliyekuwa mezani akiifuta damu kwenye glavu yake kwa makini.

"Mimi nimeomba msamaha, baba, na Olivia pia. Na yule?"

Baba alimtazama Arnold. Arnold aliinamia manyoya yaliyovunjika.

"Yeye ataomba lini?" Stacy aliuliza tena.